Pindo Alilolifuta Injinia

Nimeombwa niandike kurasa mbili za kumsifu Injinia. Ofisi inaandaa kijitabu cha kumuenzi, na kwenye kundi letu la WhatsApp wameamua kwamba mimi ndiye niliyekaa naye chumba kimoja kwa muda mrefu kuliko wote, kwa hiyo mimi ndiye ninayemjua. Ni kweli namjua. Kurasa hizo mbili nimezijaribu, zimegoma. Haya ndiyo yaliyotoka badala yake, na wasipoyataka wayaache.

Sababu ya heshima yote hii ni kovu moja chini ya bahari. Liko mbali kusini, kwenye kina ambacho hakuna atakayekifikia kwa miguu yake, na sasa wataalamu wa nchi nyingi wanalizungumzia na linatafutiwa jina. Ofisi imependekeza lipewe jina la Injinia, kwa kuwa ndiye aliyeongoza safari ya kwanza ya kupima eneo lile. Mimi nililiona kovu hilo kwenye kioo cha kompyuta miaka mingi kabla ya hao wataalamu, nikalipa jina, na Injinia akalifuta. Ndiyo maana kurasa zimegoma.

Hakuwa injinia, tuanzie hapo. Alisomea miamba na tope la baharini. Lakini Kariakoo ukionekana unapandisha ngazi na bomba la ramani begani, tayari wewe ni injinia, na wenye maduka chini ya jengo letu walimwita hivyo tangu wiki aliyohamia. Jina lenyewe hakulipenda hata kidogo. Ukimwita "Mzee" hageuki, ukimwita "Dokta" anakuuliza unaumwa nini, ukimwita "Injinia" ananuna kisha anaitika. Basi tukamwita Injinia.

Watu hudhani kuchora sakafu ya bahari ni kazi ya baharini. Meli hukaa majini muda mfupi tu. Kazi yenyewe hufanywa chumbani, kwenye viti vibovu, mbele ya vioo. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la jumla la mapazia, na ngazi zilijaa marobota kiasi kwamba ukikutana na mbeba mizigo mmoja wenu lazima arudi nyuma. Injinia hakuwahi kurudi. Alisimama mbele ya mtu mwenye robota kichwani, jasho linamtiririka, akamwambia, "Mimi nilianza." Yule mtu anarudi. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na kila mara nilitamani robota limdondokee.

Kutoka barabarani kipaza sauti cha duka kilirudia maneno yale yale kutwa nzima: "Pazia ndefu, pazia nzito, njoo uchague mwenyewe!" Sisi juu tulikuwa tunahangaika na sauti nyingine. Chombo kilichofungwa chini ya meli hupiga sauti kwenda chini, sauti hugonga sakafu ya bahari na kurudi. Ukijua imechukua muda gani, na ukijua inasafiri kwa kasi gani kwenye maji yale, umekijua kina. Kila mwangwi ni nukta moja. Meli inakwenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja, mstari baada ya mstari, nukta zinajaa, na polepole unaanza kuona: mteremko unaoanzia pwani, makorongo yanayoshusha tope la mito yetu mpaka kilindini, na nyufa pale ambapo nchi inavutwa huku na huku. Lile bonde la ufa tulilokariri shuleni haliishii ufukweni. Linaingia majini na kuendelea na shughuli yake, na anayetaka kujua ni wapi ardhi imekatika na ni wapi tope linaweza kuporomoka kwa mkupuo, lazima alifuate huko.

Hayo yote nilifundishwa na yeye. Nasema mapema nisije kuambiwa nimemnyima haki yake.

Injinia hakula samaki. Si kwamba walimdhuru. Kilikuwa kisirani tu. Kundi la samaki likipita chini ya meli, sauti hugonga migongo yao na kurudi kabla ya kufika chini, na kwenye kioo unaona kilima ambacho hakipo. Nukta za namna hiyo tunaziita kelele, na Injinia hakuwahi kuwasamehe. Mama aliyekuwa akituletea chakula cha mchana akipitiwa akamwekea kipande cha changu juu ya wali, alikuwa akiisukuma sahani kwa kidole kimoja.

"Niondolee kelele hiyo."

"Baba, changu huyu katoka soko la feri asubuhi hii hii."

"Ndiyo huyo huyo. Namfahamu."

Wala maji ya bahari hakuyagusa. Siku moja ofisi ilitupeleka ufukweni tukapumzike. Yeye akabaki ndani ya gari, vioo vimepandishwa, koti mwilini, anasoma. Sele, mwenzangu aliyekuwa akitunza kompyuta zetu, akamgongea dirisha amwulize kama anataka hata soda. "Bahari naijua," akajibiwa. "Sina haja ya kulowana." Sele akarudi anatikisa kichwa. "Huyu mzee noma, dada. Anaogopa maji ambayo kayapima mwenyewe."

Na hilo koti. Joto la Dar mnalijua. Injinia alivaa koti la sufu mwezi wowote, na kila Jumamosi alikwenda soko la mitumba la Mchikichini marobota yakifunguliwa kutafuta jingine. Niliwahi kufuatana naye. Aliinua koti zuri la kijivu, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wote kuanzia kwapani hadi chini, taratibu, mpaka wateja wengine wakaanza kusogea. Kidole kikasimama.

"Hapa uzi umeruka."

"Mzee wangu, hilo ni koti, siyo daraja," muuzaji akamwambia.

"Ndiyo maana madaraja yenu yanaanguka."

Akalitupa juu ya rundo na kuondoka. Nilipogeuka nikamwona muuzaji anamwambia mwenzake akimwona yule mzee tena afunike meza. Kwa Injinia, kutafuta kasoro ndiko kulikokuwa kununua. Nyumbani kwake Ilala, mkewe aliniambia, yalitundikwa makoti mawili tu.

Kidole gumba hicho ndicho alichotumia pia kwenye vioo vyetu. Alikuwa anakuja nyuma ya kiti chako bila kukohoa, ananyoosha mkono juu ya bega lako, anasugua mahali kwenye kioo kama anayefuta doa la mchuzi. Maana yake, toa hizo nukta. Ukimwuliza kwa nini, alikuwa na jibu moja kwa watu wote: "Macho yako yana njaa." Kwa Injinia, mtu mwenye macho ya njaa huona anachotamani kukiona, naye aliamini dunia nzima ina njaa isipokuwa yeye. Waziri akitangaza mradi redioni, macho ya njaa. Binti ya jirani akipata mchumba, macho ya njaa. Nilipoleta picha ya mwanangu aliyezaliwa nikasema kafanana na babu yake, Injinia aliitazama kwa makini, akanirudishia, sikumpa hata nafasi ya kulisema lile jibu lake.

Alikuwa wa kwanza kufika kazini, kila siku. Ukimkuta, tayari amemaliza alichokiita usafi wa kwanza. Data mpya ikitoka melini, hakuna aliyeruhusiwa kuifungua kabla yake. Anaipitia peke yake, mlango umefungwa, anaondoa kelele anazoziona, kisha anatukabidhi iliyobaki. Tulizoea. Tulikuwa tunashukuru hata, maana ni kazi ya kuumiza macho. Na katika programu yetu kufuta si kufuta: nukta uliyoikataa haipotei, inafichwa tu, na mwenye ufunguo anaweza kuirudisha. Mwenye ufunguo alikuwa yeye.

Sasa niseme habari ya ubao. Ofisini kwetu kulikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwingine. Aliyekuwa wa kwanza kuona kitu kipya kwenye sakafu ya bahari ndiye aliyekipa jina, jina la nyumbani, la kututosha sisi mpaka wakubwa watakapokuja na la kwao. Aliandika kwenye ubao karibu na mlango. Tulikuwa na Sufuria, ambalo ni shimo pana. Tulikuwa na Kigoda. Sele alikuwa na Mbuzi, mwamba mwembamba wenye meno mwishoni, kama wa kukunia nazi. Hakuna aliyegusa jina la mwenzake. Hata dada aliyefanya usafi alifagia mpaka hapo na kuuacha ubao ulivyo. Aliyeona kwanza, jina ni lake, na hilo halikuwa na mjadala.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, kibarazani mwa duka la vitenge, mitaa miwili kutoka hapo ofisini. Nimekulia chini ya cherehani yake, naokota vipande. Kwa hiyo siku nilipoona, sikuhitaji kufikiri. Tulikuwa tunapitia mteremko wa kusini. Sakafu ilikuwa inashuka taratibu, vizuri, halafu ghafla ikakatika kwa mstari ulionyooka, ikadondoka, na chini ya ule mkato tope lilikuwa limejikusanya na kujikunja. Kama kitambaa kilichokunjwa mara mbili na kupigwa pasi vibaya. Juu ufa, chini tope lililoporomoka kutoka kwenye ufa huo. Nilirudisha picha nyuma nikaiangalia tena, nikafungua mstari uliokatiza eneo lile kutoka upande mwingine, nao ukaonyesha kitu kile kile. Nikaenda ubaoni nikaandika: Pindo. Sele akapiga makofi. Nilishuka mbio kwenda kumwambia Mama, akacheka mpaka akavua miwani, akasema basi kumbe hata bahari ina fundi.

Asubuhi iliyofuata ubao ulikuwa mweupe mahali pangu. Majina mengine yote yapo. Nilifungua kompyuta: sakafu imelainika, inashuka tu.

"Limekwenda wapi?" nikamwuliza Injinia.

"Kwanza shikamoo."

"Shikamoo."

"Marahaba. Zilikuwa kelele."

"Mstari wa kukatiza nao unalionyesha. Kelele haiwezi kuonekana pale pale kwa njia mbili."

"Macho yako yana njaa."

"Injinia, nimeangalia mara..."

"Umetoka kwenye cherehani wewe. Kila kitu kwako kitambaa."

Alisema mbele ya Sele, mbele ya mama wa chakula aliyepita kuchukua vyombo vya jana. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia asubuhi ile, na ile chuki haijachuja hata leo ninapoandika. Kama angeniambia sijui kazi ningekubali kujifunza. Alichokifanya ni kumchukua Mama pale kibarazani na kumleta ghorofa ya nne amkanyage.

Nilibisha. Nataka lieleweke, maana wapo wanaosema mbona hukusema. Nilimwambia siku ile, nikamwambia wiki ile, na wenye mradi walipokuja kupokea ramani nikasimama nikasema mbele yao kwamba kuna kitu kimeondolewa. Injinia akatabasamu, mara ya kwanza mimi kuyaona meno yake. "Huyu binti ana bidii sana," akawaambia. Ramani ikapokelewa. Mwezi uliofuata nilihamishiwa kupima tope la gatini, kuangalia kama meli zitagusa chini, na kazi hiyo niliifanya miaka, nikirudi chumbani mle mle kuichora. Kila wenzangu walipokwenda safari ya kilindini, mimi nilikuwa kwenye boti ndogo, bandarini, napima tope.

Mama alifariki nikiwa huko. Msiba ulikuwa Magomeni kwa mjomba wangu, na mtu wa kwanza kufika kutoka kazini, kabla hata turubai halijafungwa vizuri, alikuwa Injinia na koti lake. Akavua viatu, akaketi mkekani na wanaume. Alirudi kesho yake na siku iliyofuata, mpaka tanga likaisha. Hakuniambia pole. Mjomba ndiye aliyenisimulia ya makaburini. Vijana wamemaliza kuchimba, maiti imeshateremshwa begani, Injinia anainama kwenye ukingo, anaangalia, anasema, "Mwanandani umeinama. Upande wa kichwa uko juu." Watu wakamtazama. Kijana mmoja akashuka na jembe akasawazisha. Injinia akainama tena, akasema sasa sawa. "Yule mzee wenu ni nani?" Mjomba aliniuliza. Nilikasirika, halafu nikalala vizuri usiku ule nikijua Mama kalazwa sawasawa, na hilo nalo likanikasirisha.

Aliyenipa sababu ya huku kufuta kwake ni mkewe, siku nilipompelekea barua za ofisi Injinia akiwa hayupo. Tunamwita Mama Injinia, mwanamke mnene mcheshi ambaye sijui walikutana wapi na huyo mtu.

"Usimwogope, mwanangu," akaniambia. "Huyo aliwahi kuumba mlima."

Ilikuwa ujanani, safari yake ya kwanza kama kiongozi. Kila maji yanapobadilika, mpimaji anatakiwa kusimamisha meli, ateremshe kifaa, apime upya kasi ya sauti. Maji ya mto yakielea juu ya maji ya chumvi, kasi si ile ile. Injinia alipima asubuhi nje kabisa baharini, kisha wakaingia mbele ya mdomo wa Rufiji mvua zikiwa zimemwaga, naye kwa haraka ya kuona hakusimamisha meli. Kingo za kila mstari zikajikunja juu. Mistari ilipokutana, kingo kwa kingo, ukatokea mlima mrefu uliolala sambamba na pwani. Akautangaza. Kwenye meza ya chakula, mbele ya wageni waliopanda meli kuja kutazama, akasimama akaeleza jinsi ardhi ilivyousukuma juu. Wakampigia makofi. Asubuhi nahodha akamkumbusha kifaa, wakapima upya, na mlima ukayeyuka wakiwa wote wanatazama. Safari ilikuwa bado ndefu. Kila jioni mpaka waliporudi, mtu mmoja mezani aliinua kikombe cha chai akasema, "Kwa afya ya mlima."

"Alirudi amekonda," Mama Injinia alisema. "Tangu hapo, kitu kikichomoza tu, anakifuta."

Nilimwelewa siku hiyo. Kumwelewa hakukunisaidia chochote. Watu wengi wamechekwa mezani na hawakugeuka kuwa watu wa kufuta wenzao. Mlima wake ulikuwa wa uongo, basi na sisi wote tunyimwe ya kweli? Niliondoka pale namchukia vile vile, sasa nikijua jina la ugonjwa wake.

Akastaafu kwa kununa, bila chai wala keki. Nikarudishwa kwenye data ya kilindini, na funguo zake zikaja mikononi mwangu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudisha zile nukta nilizoziona siku ile, na Pindo likarudi kwenye kioo, zuri kama nilivyoliacha. Nilimpelekea mwenye ofisi. Akasema, "Dada yangu, hayo ya kale, mteja keshachukua ramani yake." Nikakaa nalo.

Kisha mwaka jana meli ya wageni ikapita kusini, vyombo vipya kabisa, na picha zikatoka. Pindo lile pale, mbele ya dunia. Wakasema ni muhimu sana kwa kuelewa jinsi pwani hii inavyokatika na tope lake linavyoporomoka. Ofisi yetu ikaamka. Ndipo likaja pendekezo la jina, na kijitabu, na kurasa mbili.

Nikaenda Ilala. Nilitaka sentensi moja tu. Nilitaka aseme, kwa mdomo wake, mbele ya mkewe, kwamba niliona na yeye akaficha. Baada ya hapo wangeweza kuliita hilo kovu hata Koti.

Alikuwa sebuleni, amezeeka, koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya jina, kisha nikamwambia nilichokifuata. Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikaweka kompyuta mezani nikafungua data ya wageni. Alikaa nayo mchana wote. Walipima kasi ya sauti wapi? Nikamwonyesha. Mara ngapi? Nikamwonyesha. Mistari ya kukatiza iko wapi? Hii hapa. Alipitisha kidole gumba kwenye kioo, juu ya ule mkato, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama alivyopitisha kwenye koti la kijivu Mchikichini. Mama Injinia aliingia na chai, akatutazama, akaketi.

"Kelele," akasema Injinia.

"Meli nyingine," nikamwambia. "Chombo kingine. Watu wengine kabisa, hawakujui wala hawanijui. Sema tu kwamba niliona."

"Macho yao yana njaa."

Akachukua simu yake, akampigia Sele, ambaye sasa ndiye katibu wa mambo yote ofisini, akaweka sauti kubwa ili nisikie. "Jina langu mlitoe. Siweki jina kwenye kitu ambacho hakipo." Sele akaanza kumbembeleza, Injinia, mzee wetu, fikiria, hii ni heshima ya milele. Akamkatia.

"Baba, umerogwa?" Mama Injinia akamwuliza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Maisha yako yote hujapewa kitu. Leo unapewa."

Nilifunga kompyuta. Mtu aliyekuwa tayari kutupa heshima yake pekee duniani ili asiniachie mimi sentensi moja, nimfanye nini? Nikamuaga mkewe. Yeye sikumuaga. Nilikuwa nimeshavaa viatu mlangoni niliposikia nyuma yangu.

"Wewe."

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye korido, ameshika ukuta.

"Hilo pindo lako," akasema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Wamelichora fupi. Linaendelea kusini. Linapinda kuelekea bara, linaishia kwenye korongo la pili."

Akarudi ndani.

Nilifika barabara kuu ndipo nikasimama. Meli ya wageni iligeuza kabla ya korongo la kwanza. Huko kusini zaidi hakuna aliyewahi kupima isipokuwa safari yetu ile, na katika data niliyokabidhiwa mimi, sakafu ya huko ilikuwa laini. Sikuwahi kupata sababu ya kutafuta kilichofichwa huko, kwa kuwa sikujua kuna kilichofichwa. Mtu mmoja tu aliifungua data ile kabla ya sisi wote, asubuhi, mlango umefungwa.

Kesho yake nilipanda ngazi, nikapita katikati ya marobota, nikaketi. Nikafungua eneo la kusini na kurudisha kila nukta iliyokataliwa kwenye usafi wa kwanza. Zilirudi moja moja, halafu kwa wingi. Pindo likatoka pale nilipoliachia, likaendelea, likapinda kuelekea bara, likashuka mpaka kwenye korongo la pili, mshono mmoja usioruka hata mahali pamoja. Aliliona lote. Aliliona kabla yangu, akafuta upande wa kusini, kisha ama alichoka au alishindwa, akaniachia kipande cha kaskazini nikikute mwenyewe, na nilipokikuta akakifuta nacho.

Nimekaa na hili wiki nzima, na chini wanauza mapazia. Kwa desturi ya ubao wetu, jina ni la aliyeona kwanza. Miaka yote nimemchukia kwa kuninyang'anya jina, na jina halikuwa langu la kutoa. Lilikuwa lake. Hakuthubutu kulisema, na siku alipolisema alitumia neno la kwangu, neno la cherehani.

Kwa hiyo kwenye kijitabu andikeni hivi, msiongeze kitu. Yeye ndiye aliyeliona kwanza, lote, mpaka korongo la pili. Linaitwa Pindo. Na sijamsamehe.